Mfumo Unasema Yupo

Feliksi alishuka Kigoma na ndege ya asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshatufafanulia binadamu. Sitanii. Alisimama mbele ya ubao mweupe katika ofisi yetu ya Katubuka, feni ikizungusha joto lile lile, akachora kisanduku na juu yake akaandika: Mtu. Ndani akaandika vitu ambavyo mtu lazima awe navyo. Namba. Jina la kwanza. Jina la ukoo. Jinsia. Tarehe ya kuzaliwa. Kaya.

"Hii ndiyo modeli," akasema. "Tukielewana hapa, mengine yote ni kuandika tu."

Mimi naitwa Yusra. Nimezaliwa Ujiji, baba yangu wa huko huko, mama yangu Mha wa Kalinzi. Nilisomea kompyuta Dar es Salaam, nikarudi nyumbani mwaka ule wa 2015, Warundi walipokimbia kwao na kujaa Kagunga mpaka mchanga wa ufukoni ukawa hauonekani. Shirika lililotuajiri, ambalo sitalitaja, lilitaka mfumo wa kompyuta wa kukutanisha familia zilizopotezana njiani. Zilikuwa nyingi. Wagonjwa na watoto walipakiwa melini kwanza, wakubwa wakabaki. Huyu kapanda basi la kambi hii, mdogo wake kapelekwa kambi ile. Mama yuko huku, mtoto yuko kule, na katikati kuna barabara ya vumbi na kibali kisichotoka. Sisi ndio tungewakutanisha. Niliiona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Nikanyoosha mkono. "Bosi, Warundi hawana jina la ukoo."

Feliksi alitabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyelipiwa hoteli. "Kila mtu ana jina la ukoo, dada Yusra. Labda hawajui kwamba ndilo wanaloulizwa."

Nikamweleza. Kwa Warundi, kama kwa Waha wa mama yangu, kila mtoto hupewa jina lake. Baba ni Ntirampeba, mtoto wa kwanza Nizigama, wa pili Kabura, na ukiwapanga mstari mmoja hutajua kwa majina kwamba wamelala tumbo moja. Jina linaeleza mtoto alikujaje duniani. Wakizaliwa mapacha, aliyetangulia ni Bukuru na aliyefuata ni Butoyi, iwe kwa tajiri au kwa maskini, milimani au ziwani. Nenda Kibirizi pale wanapoanika dagaa, ita "Bukuru!" uone watu wangapi watageuka, na hakuna anayemjua mwenzake.

"Tuweke jina la baba, jina la mama na kilima walikotoka," nikasema. "Mrundi ukimuuliza yeye ni nani, atakutajia kilima."

"Modeli imeshapitishwa na wafadhili. Dunia nzima inatumia hii."

"Kwa hiyo mama yangu hayumo duniani?"

Wenzangu walicheka. Feliksi hakucheka, akageukia ubao na kuendelea kuchora.

Baada ya modeli ikaja mikataba. Ndivyo tulivyoviita kwa Kiswahili vile vipande vya msimbo vinavyosema ni kazi gani itafanyika, bila kusema itafanyikaje. Kulikuwa na Ghala la Watu, lenye kazi chache: hifadhi mtu, tafuta mtu kwa namba, tafuta watu kwa jina la ukoo. Kulikuwa na Huduma ya Kaya, yenye kazi moja kubwa: unganisha. Na kulikuwa na Mthibitishaji, ambaye akipewa watu wawili alitakiwa kujibu kama kweli ni ndugu, ndiyo au hapana. Sitamnyima Feliksi haki yake, msimbo wake ulikuwa msafi. Huduma haikujua data imelala wapi. Ghala halikujua nani analiuliza. Kila kipande kilijua kidogo tu, na yeye alisema huo ndio uzuri wenyewe.

"Mbona kuna Unganisha na hakuna Tenganisha?" nikauliza.

"Familia ikishakutana haitenganishwi. Hiyo ni kanuni."

Sote tulijua kwamba yeye na mkewe walikuwa wameachana mwaka uliopita.

Mthibitishaji ndiye aliyenitia hofu zaidi. Mpango ulikuwa kwamba kila mfumo unapopata watu wanaofanana, jibu lisitoke mpaka maofisa wa kambini wawaulize wote wawili ana kwa ana. Lakini wafadhili walikuwa wanakuja kuonyeshwa, na sehemu hiyo haikuwa tayari. Feliksi akaandika ya muda, mstari mmoja. Ukimletea nani na nani, inajibu ndiyo. "Nitaibadilisha baada ya maonyesho," akasema. Nani asiyejua vitu vya muda vya nchi hii? Wafadhili walipiga makofi, mfumo ukasukumwa kambini haraka, na ule mstari mmoja ukaenda nao.

Ikawa vichekesho. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, familia kubwa kuliko zote katika mfumo wetu ilikuwa ukoo wa Bukuru. Wazee, vichanga, Wakatoliki, Waislamu, watu wa Makamba na watu wa Rumonge, wote ndugu. Nilimwonyesha Feliksi. Akasema maofisa wa kambini wanaweza kukataa pendekezo kama haliwafai, kisha akaniomba nimtengenezee grafu ya familia zilizokutanishwa. Ilikuwa inapanda vizuri.

Pastory alinipigia simu mwaka 2017. Pastory ni kijana wa kwetu, ofisa wa shirika katika moja ya zile kambi, mtu mpole ambaye hapigi simu bila sababu. "Dada Yusra, njoo mwenyewe uongee na huyu mama. Mimi nimeshindwa kumweleza, kwa sababu hata mimi sielewi."

Nikapanda gari la shirika, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama mwenyewe aliitwa Leonia Kabura. Alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, anachambua mbaazi, na kando yake msichana wa kama miaka mitano anaziokota zilizoanguka.

"Mwiriwe," nikamsalimu kwa Kirundi changu cha kuombea maji.

"Mwiriwe neza, dada." Akamsukuma mtoto kidogo mbele. "Huyu ni Regina. Regina Bukuru."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Kama kuna Bukuru, basi kuna Butoyi.

"Mdogo wake yuko wapi, Mama Regina?"

Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza wa shirika kumuuliza hivyo. "Diana," akasema. "Diana Butoyi. Tulikuwa Kagunga, mimi nimeshikwa na kipindupindu, nimelala chini kama gunia. Jirani yangu akambeba Diana kwenye meli, Regina akabaki, maana alikuwa amening'ang'ania hatoki. Nilipopona nikaletwa huku. Jirani nikasikia amekufa. Nimeandikisha mtoto wangu hapa mara ngapi, muulize huyu. Kila mara kompyuta inasema oya, yaani hapana, hakuna. Halafu inaniletea watu wengine, inasema ndio ndugu za Regina. Mwanamume mmoja mzee sana wa Kirundo, masikini, amekuja kunisalimia shemeji!" Akacheka, na Pastory akacheka, na mimi pia.

Nilifungua kompyuta yangu pale pale kwenye kigoda. Bila namba, Ghala la Watu lilikuwa na mlango mmoja wa kutafutia, jina la ukoo, na mfumo ulichukua la anayetafuta. Leonia Kabura anamtafuta Diana Butoyi: majina hayafanani, hakuna undugu, ombi linabaki chini kabisa. Nikaacha kutafuta kwa Leonia. Nikatafuta kwa mtoto.

Alikuwepo. Diana Butoyi, msichana, ameshuka melini mwezi ule ule. Yuko kambi ya pili. Na mfumo ulikuwa umeshamkutanisha na familia yake, muda mrefu uliopita: kaya ya Gervasi Butoyi.

"Yupo," nikasema. "Mama Regina, yupo, ni mzima."

Leonia hakupiga kelele. Aliinua upande wa kitenge, akafunika uso, na mbaazi zote zikamwagika. Regina akaanza kuziokota upya. Nilifurahi siku ile kama mjinga. Nilidhani kazi imeisha.

Pastory akampigia mwenzake wa kambi ya pili, na jioni ile tukapata habari zote. Gervasi Butoyi hakuwa mwizi. Yeye na mkewe walikuwa wamemzika binti yao Kagunga kwa ugonjwa ule ule. Siku moja wakaitwa ofisini, wakaambiwa kompyuta imepata mtoto wa ukoo wao asiye na mtu. Gervasi alisema hamjui. Ofisa akamwonyesha kioo cha kompyuta: undugu umethibitishwa, ndiyo. Mkewe alikuwa ameshamwinua mtoto mgongoni. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu. Ninajua ninayemlaumu.

Kilichotutisha ni kingine. Gervasi na familia yake walikuwa wamejiandikisha kurudi Burundi kwa hiari, na msafara wao ulikuwa wiki ile ile. Ofisa wa kule alitaka kusaidia, lakini karatasi za safari zilitoka kwenye mfumo wetu, na mfumo ulisema Diana ni wa kaya ya Gervasi. "Nibadilishieni hapo tu," akasema. "Nikiona kwenye kioo mtoto ni wa mama huyo, namshusha kwenye gari mwenyewe. Bila hapo mimi ni nani?"

Hapo tu. Kwenye mkataba hapakuwa na Tenganisha.

Mwenye ruhusa ya kuingia kwenye data yenyewe alikuwa Feliksi peke yake, na Feliksi alikuwa Dar akijiandaa kwa mkutano. Nikampigia.

"Dada Yusra, siwezi kugusa data kwa mkono," akasema. "Leo utaniambia mtoto mmoja, kesho watakuwa mia. Kila badiliko lipite kwenye huduma. Ndiyo maana tumeweka mikataba."

"Huduma haina hiyo kazi, bosi. Ulikataa."

"Basi iongeze vizuri. Andika, nitaipitia."

Niliandika kwenye gari, laptopu magotini, dereva akikwepa mashimo na mimi nikikosa vitufe. Kazi yenyewe ilikuwa fupi: mtoe mtu kwenye kaya hii, mwingize kwenye kaya ile. Nikaituma kabla hatujafika Kasulu. Majibu ya Feliksi yakaja kesho yake mchana, na ninayakumbuka moja moja. Kwamba jina nililolipa kazi ile halitoshi kueleza nia, nilibadilishe. Kwamba niongeze majaribio. Kwamba kumtoa mtu na kumwingiza ni kazi mbili, na kwa kanuni zetu haziwezi kukaa pamoja. Nikabadilisha, nikatuma. Akarudisha tena, alitaka ombi la kutafuta lifungwe lenyewe mtoto anapoingia kwenye kaya ya mzazi, ili ile grafu ihesabu sawasawa. Nikamwandikia kwa herufi kubwa kwamba magari yanaondoka. Akanijibu kwamba herufi kubwa si lugha ya ofisini.

Nikaongeza alichotaka. Ningeongeza chochote.

Msafara uliondoka asubuhi, na toleo jipya la mfumo, lenye Tenganisha, likaanza kazi mchana. Pastory alinipigia, nami nikasikia injini na kelele za kambi kwa nyuma. "Wameshavuka mpaka wa Manyovu," akasema. "Mwenzangu anasema mtoto alikuwa amevaa gauni la bluu. Alikuwa anawapungia watu."

Nililia ofisini, mbele ya watu, na sikuona haya. Kisha nikapangusa uso na kuuliza tunafanyaje. Pastory akasema kuna watu wa upande wa pili wanaoweza kumfuatilia Gervasi mpaka kilimani kwake, lakini nao wataanza kwa kuuliza mfumo unasemaje, mtoto ni wa nani. Kwa hiyo kwanza mfumo useme ukweli. Hiyo nikaielewa. Nikaita Tenganisha kwa mara ya kwanza tangu dunia ya Feliksi iumbwe. Diana Butoyi akatoka kwa Gervasi; nikaita Unganisha, akaingia kwa Leonia. Taa zote za majaribio zikawaka kijani.

Unaona kosa liko wapi? Mimi nililiona wiki moja baadaye, na bado linanichoma. Katika modeli ya Feliksi, kile kisanduku cha Mtu, kulikuwa na Kaya tu. Hapakuwa na mahali pa kusema mtoto huyu ni wa Leonia lakini yuko kwingine. Kuwa mtoto wa fulani na kulala kwa fulani vilikuwa kitu kimoja. Tena kwa wakimbizi! Kwa watu ambao shida yao yote hapa duniani ni kwamba wao ni wa huku na wako kule.

Feliksi alikuja na mgeni kutoka kwa wafadhili mwezi uliofuata. Tatizo la kihistoria, alimwambia, lilikuwa limetatuliwa na toleo jipya, na angemwonyesha familia ya kwanza iliyorekebishwa. Nilimwambia kwenye gari kwamba mtoto hayupo. Nilimwambia mara nyingi. Akasema, "Nimeangalia asubuhi, yumo," kisha akarudi kuongea na mgeni wa kiti cha mbele.

Leonia alitukaribisha. Alimtandikia mgeni mkeka na kumpa kila mtu mkono, na mimi aliushika mkono wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko wa wengine. Feliksi akainua tableti yake. "Hongera, mama," akasema. "Sasa kaya yako imekamilika. Watu watatu."

Leonia aliingia ndani. Akatoka na mfuko wa unga, mbaazi zimefungwa kwenye kitambaa, na mafuta kwenye kichupa, akaviweka chini mbele ya viatu vya Feliksi.

"Hiki ni chakula cha Diana," akasema. "Tangu mgawo uliopita wananipa cha watu watatu. Nikawaambia tuko wawili, wakasema oya, mama, mko watatu. Nikafikiri labda yuko njiani, wamemtanguliza chakula. Sikukigusa. Regina amelala na njaa siku za mwisho wa mwezi, na mimi sikukigusa, kwa sababu ni cha mwenzake." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nikaenda kwa Pastory kuuliza wamefika wapi kumtafuta. Pastory amesema wa ng'ambo hawamtafuti."

Mgeni aliuliza anasema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Pastory alikuwa anaangalia chini, maana yeye ndiye aliyepata jibu kutoka ng'ambo na yeye ndiye aliyelisoma: hawafungui kazi kwa mtoto ambaye mfumo unaonyesha yuko kwa mama yake.

"Bwana," Leonia akamwambia Feliksi, "kama mmeshaandika yuko kwangu, nani atamtafuta?"

Feliksi alitelezesha kidole kwenye kioo, akasoma, na uso wake ukalegea kwa nafuu ya mtu aliyepata jibu. Akamgeuzia Leonia tableti ili ajionee mwenyewe.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akasema. "Ombi lako limefungwa. Ameshapatikana."